Msimamizi afike kabla ya udongo: kusafisha mgodi wa urani uliotelekezwa

Tukitaja urani hapa Lubumbashi, mazungumzo hukimbilia mgodi wa Shinkolobwe, na yakifika Shinkolobwe hukimbilia bomu la Hiroshima, lililotumia urani yake. Kila Agosti ni vilevile. Makala hii haiendi huko. Inahusu kazi isiyo na picha nzuri: siku serikali, kampuni au mfadhili atakapoamua kusafisha kariere (machimbo) ya zamani yenye urani, nani atasimama pale na kipimo mkononi, atapima nini, na atakuwa na uwezo gani wa kumwambia dereva wa bulldoza azime injini.

Kazi ya aina hii huishia kufunikwa. Kifusi kinafunikwa kwa udongo wa mfinyanzi, shimo linajazwa, nyumba iliyojengwa kwa mawe mabaya inabomolewa na mahali pake panasawazishwa. Kikishafunikwa, hakuna wa kukiona tena bila kufukua, na hakuna anayetaka kulipia kufukua. Ndiyo maana nasisitiza usimamizi wa kabla. Mkaguzi anayefika baada ya majani kuota anakagua majani.

Shinkolobwe yenyewe ni ushahidi kwamba kufunga si kusafisha. Iligunduliwa 1915; kampuni ya Union Minière ikaichimba kwa ajili ya radiamu kuanzia miaka ya 1920, kisha kwa ajili ya urani wakati wa vita vya pili na baada yake. Ikafungwa kuelekea uhuru wa 1960, na mashimo ya kushukia yakazibwa kwa zege. Zege halikumzuia mtu: mwishoni mwa miaka ya 1990 maelfu ya wachimbaji wa mikono waliingia kutafuta kobalti. Januari 2004 amri ya rais ikaifunga tena, na Julai mwaka uleule handaki likaporomoka na kuua watu 8. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliofika mwishoni mwa mwaka huo waliona hatari kubwa ya ardhi kuporomoka, pamoja na hatari ya mionzi inayojilimbikiza polepole kwa mtu anayefanya kazi pale siku zote. Nakubaliana na mpangilio huo. Anayepanga kazi akiwaza mionzi peke yake atazika wafanyakazi wake kwa sababu nyingine kabisa.

Kilichomo ndani ya kifusi

Watu huuliza: mna urani kiasi gani humo? Swali hilo linapotosha. Urani huoza polepole mno, na katika kuoza kwake huzaa mlolongo wa vitu vingine: thoriamu-230, radiamu-226, gesi ya radoni, risasi-210, poloniamu-210. Katika mwamba ambao haujaguswa, kila mmoja katika mlolongo huo ana unururifu (nguvu ya kutoa mionzi, inayohesabiwa kwa bekereli, Bq) sawa na urani mama. Jiwe lenye urani 1% lina takriban bekereli 124 za urani-238 kwa kila gramu, na takriban bekereli 124 za radiamu vilevile. Kiwanda kikitoa urani, radiamu inabaki. Mabaki yanayomwagwa nyuma ya kiwanda hubaki na karibu 85% ya unururifu wa mawe yaliyoingia, ingawa mkemia akiyapima atakuambia urani imekwisha. Radiamu huchukua miaka 1,600 kupungua nusu. Thoriamu-230 inayoizaa, miaka 75,000 hivi. Maabara iliyopima urani tu kwenye mabaki ya kiwanda haijajibu swali.

Kwa upande wetu kuna jambo la ziada. Urani ya Katanga inakaa pamoja na shaba, kobalti na nikeli, si Shinkolobwe tu bali pia Swambo, Luiswishi na kwingineko kwenye ukanda huu. Kuna madini ya urani ya kijani kibichi, kama tobernaiti, ambayo machoni pa mtu aliyezoea malakiti, madini ya shaba, ni malakiti tu. Yapo pia ya njano kama unga wa bizari. Jicho halitoshi hapa. Kuhusu kobalti, mnakumbuka Novemba 2018 Kamoto Copper Company ya Kolwezi iliposimamisha kwa muda kuuza kobalti nje kwa sababu urani ndani yake ilizidi kiwango kinachoruhusiwa kusafirishwa. Ule ulikuwa mgodi wa kisasa wenye maabara yake. Katika kifusi cha zamani kilichopangwa kwa mkono na kumwagwa popote, usitegemee mpangilio wowote: rundo moja linaweza kuwa safi upande huu, na hatua tano mbele likawa na jiwe linalolia mara mia zaidi.

Nani mwenye uwezo wa kusimamisha

Kwenye karatasi, Kongo haikosi taasisi. Sheria namba 017/2002 ya 16 Oktoba 2002 inahusu kinga dhidi ya mionzi, na CNPRI ndiyo kamati ya taifa ya kudhibiti. CGEA ni ya utafiti na matumizi ya nyuklia; ndiyo yenye kinu cha utafiti kule Kinshasa. Hawa wawili wasichanganywe. Anayeendeleza kitu asiwe ndiye anayekidhibiti. Hiyo ndiyo kanuni ya kimataifa, na ndiyo sababu ya kuwa na kamati tofauti. Upande wa mazingira kuna wakala wa mazingira wa taifa, ACE, na kurugenzi ya ulinzi wa mazingira ya migodi, DPEM, chini ya Sheria ya Madini ya 2002 iliyorekebishwa 2018. Kuna SAEMAPE kwa wachimbaji wadogo. Kuna mkoa, na kuna chifu.

Taabu ni kwamba kila mmoja ana kipande. Mtu wa mazingira anapima salfati na shaba ndani ya maji lakini hana kipimo cha mionzi. Mtu wa mionzi anapima gama lakini hana neno juu ya mteremko wa kifusi. Mhandisi anajua mteremko lakini hakuna aliyemwambia udongo anaouchimba kwa ajili ya kifuniko umepimwa au la. Mkandarasi naye ana kipimo chake na mtu wake, na ndiye anayeandika ripoti. Mpango wa kazi usiotaja kwa jina la cheo nani anasaini nini utamalizikia kwa mkandarasi kujisahihishia mtihani.

Dawa yake iko ndani ya mkataba, na inabidi iandikwe kabla ya zabuni. Maabara ilipwe na mfuko wa mradi au na mamlaka, isilipwe na mkandarasi. Kuwe na pointi za kusimama, yaani hatua ambazo kazi haivuki bila saini ya msimamizi: baada ya ramani ya mionzi kabla ya kuchimba, chini ya shimo kabla ya kulijaza, juu ya kila tabaka la mfinyanzi kabla ya linalofuata, na kwenye lango kabla kamioni ya kwanza haijatoka. La mwisho ndilo husahaulika: saa za mashine kusubiri ziwe na bei yake tangu mwanzo. Bulldoza iliyosimama inakula fedha kila saa, na shinikizo la kusaini haraka hutoka hapo kuliko kwenye rushwa. Msimamizi akijua kusubiri majibu ya maabara kumeshalipiwa, mkono wake hautetemeki.

Kupima kabla ya kugusa

Anza na kiwango cha asili, yaani mionzi iliyokuwapo bila mgodi, maana ndicho utakachotoa kwenye kila namba. Kichague mahali penye mwamba na udongo wa aina ileile, ambapo hapakuchimbwa na hapakupitwa na kamioni za madini. Kosa la kawaida ni kupima kiwango cha asili kwenye uwanja wa ofisi mjini, au, kwa makusudi, ukingoni mwa kifusi ambako tayari pameinuka. Ukikiinua kiwango cha asili, umesafisha nusu ya mgodi kwenye karatasi bila kugusa koleo. Chukua sehemu kadhaa, si moja, na uonyeshe tofauti kati yake.

Vipimo vidogo vya Geiger vinavyouzwa mtandaoni vina kazi yake, lakini si hii. Kwenye kiwango cha asili cha takriban 0.1 µSv/h (mikrosiveti, kipimo cha dozi, kwa saa), mrija mdogo hupiga mara 20 hadi 30 kwa dakika. Takwimu za namna hiyo hutikisika 20% hata kama hakuna kilichobadilika. Sasa linganisha: udongo wenye radiamu bekereli 0.2 kwa gramu juu ya kiwango cha asili, ambao katika nchi nyingine ungetakiwa kuondolewa, unaongeza chini ya 0.1 µSv/h kwa urefu wa mita moja. Mtu anayetembea na kipimo kidogo ataupita. Kinachohitajika ni kioo cha iodidi ya sodiamu cha inchi 2 kwa 2 kinachotoa maelfu ya mapigo kwa dakika, kimefungwa na GPS, kikibebwa sentimita 30 hadi 50 juu ya ardhi kwa mwendo wa nusu mita kwa sekunde, kwenye mistari iliyoachana mita moja au mbili palipo na shaka na mita tano hadi kumi pasipo na shaka. Ukikimbia, jiwe la ukubwa wa ngumi linapita chini yako kabla kioo hakijalihesabu.

Kioo hicho nacho kina udhaifu. Kinahesabu mapigo, hakisemi ni dozi gani wala ni kitu gani, na karibu na rundo kubwa kinaona mwangaza wa rundo lenyewe, hivyo ardhi safi pembeni inaonekana chafu. Ndipo inapokuja sampuli. Chimba kwenye pointi zenye mapigo ya chini, ya kati na ya juu, ukipima kila sentimita 15 kwenda chini hadi ufike kwenye udongo wa asili, kisha uchore uhusiano kati ya mapigo na bekereli. Uhusiano huo ni wa pale tu. Wa mgodi mwingine hauazimwi, kwa sababu mchanganyiko wa urani, radiamu na unyevu si uleule.

Maabarani kuna mtego unaoharibu matokeo ya watu wengi. Radiamu hupimwa kwa urahisi kupitia watoto wa radoni, yaani vitu inavyozaa ikioza, lakini radoni ni gesi, na ukisaga na kukausha sampuli inatoroka. Kopo lazima lifungwe pasipopita hewa na lingoje siku 21 au zaidi, radoni ijijenge upya, ndipo lipimwe. Ukiletewa majibu ya radiamu siku tatu baada ya kuchukua sampuli, uliza yalipatikanaje. Wengine husoma moja kwa moja mstari wa 186 keV wa radiamu (nishati ya gama yake), ila hapohapo ndipo ulipo mstari wa urani-235, na bila kusahihisha namba inakuja kubwa kuliko kweli. Kwa hiyo ratiba ya mradi iwe na mwezi mzima wa kungoja maabara. Kwa kazi ya kila siku uwanjani tumia uhusiano wako wa mapigo, na majibu ya maabara yawe ya kuthibitisha.

Katika kila sampuli ishirini weka angalau pacha mmoja, yaani udongo uleule kwenye mifuko miwili yenye namba tofauti, na sampuli moja tupu. Maabara isijue ipi ni ipi. Mapacha wakitofautiana sana, simamisha kwanza ubishi wa mazingira na utafute tatizo la mfuko, la kuchanganya au la mashine.

Kiwango cha kusafisha na hesabu iliyojificha ndani yake

Hakuna namba moja ya dunia nzima. Kwa ardhi iliyokwisha chafuliwa, viwango vya IAEA, shirika la kimataifa la nishati ya atomiki, vinatoa nafasi ya milisiveti 1 hadi 20 kwa mwaka kama rejea, na nchi huchagua ndani yake. Kwa kawaida watu hulenga karibu na 1. Hesabu yake si ngumu. Mtu anayelima mahali penye 0.5 µSv/h juu ya kiwango cha asili kwa saa 2,000 kwa mwaka anapata milisiveti 1 kwa gama peke yake. Mtoto anayeishi ndani ya nyumba saa 7,000 anafika hapohapo kwa 0.15 µSv/h tu. Ndiyo maana haifai kuamua kiwango bila kuamua kwanza ardhi itatumiwa kwa nini, na hapa kwetu ni busara kuchukulia kwamba patajengwa. Mji hausimami.

Marekani, kwa maeneo ya viwanda vya zamani vya urani, huruhusu radiamu 0.185 Bq/g juu ya kiwango cha asili katika sentimita 15 za juu, na 0.555 Bq/g katika kila sentimita 15 zinazofuata chini, kwa wastani wa mita za mraba 100. Namba hizo hunakiliwa duniani kote. Lakini neno la hatari humo ni "wastani". Mita za mraba 100 kwa kina cha sentimita 15 ni mita za ujazo 15, yaani tani 24 hivi za udongo. Fanya hesabu: ndani ya tani hizo unaweza kuacha zaidi ya kilo 35 za mawe yenye urani 1%, yakiwa yamekusanyika pembeni, na wastani ukapita mtihani. Mtoto hachezi na wastani, anaokota jiwe. Kwa kifusi cha Katanga, chenye mawe ya pekepeke yenye urani nyingi, ni lazima kuwe na sharti la pili: pointi yoyote inayozidi kiwango fulani cha mapigo itolewe hata kama wastani ni mzuri. Mradi usio na sharti hilo umeandikwa na mtu aliyezoea mabaki ya kiwanda, ambayo ni mchanga uliosagwa na kuchanganyika sawasawa.

Wafanyakazi

Kinachoua haraka ni ardhi. Wachimbaji wa mikono huacha mahandaki yasiyo kwenye ramani yoyote, mengine mita chache tu chini ya uso. Bulldoza ya tani 20 ikipita juu, paa linakatika. Kabla ya mashine nzito, waulize waliochimba, maana wao ndio ramani. Walipwe kwa siku hiyo na waonyeshe mashimo yalikopita. Kisha toboa kwa drili nyepesi, na mashine ifanye kazi ikiwa nyuma ya ukingo, ikivuta kifusi kwa ekskaveta yenye mkono mrefu badala ya kusimama juu yake. Hakuna mtu anayeingia handakini kupima chochote. Radoni imejaa humo, na mara nyingi hewa ya kupumua imekwisha kabla ya radoni kuwa tatizo.

Baada ya ardhi, vumbi. Gama ya kifusi mara nyingi huwa chini ya mipaka ya mfanyakazi, milisiveti 20 kwa mwaka kwa wastani wa miaka mitano, lakini chembe za alfa zikiingia mapafuni hesabu inabadilika. Kipimo cha beji kifuani hakioni vumbi. Inatakiwa pampu ndogo mkandani, lita 2 kwa dakika, yenye kichujio karibu na pua. Kichujio kisihesabiwe jioni ileile: watoto wa radoni na wa thoroni (gesi ndugu yake, itokayo kwenye thoriamu) waliokamatwa humo hudanganya, na hao wa thoroni wanahitaji siku tatu au nne kwisha. Maji ya kumwagia yapitishwe mbele ya mashine, yakilowesha bila kutiririka, kwani yakitiririka umehamisha tatizo kutoka hewani kwenda mtoni. Barakoa iwe ya daraja la P3, na ndevu zinyolewe. Nimeona wengi wakibishana juu ya chapa ya barakoa huku hewa inapita kwenye ndevu kama mlangoni. Chakula, sigara na hata chingamu vibaki nje ya uzio.

Kwenye kutoka kuwe na mstari mmoja tu, viatu vivuliwe, mikono na nyayo zipitiwe na kipimo cha alfa na beta kwa umbali wa sentimita moja na kwa mwendo wa polepole. Alfa huzuiwa na tabaka jembamba la maji au tope, kwa hiyo kiatu kilichooshwa sasa hivi kitaonekana safi. Kikaushe kwanza. Nguo za kazi haziendi nyumbani kufuliwa na mama watoto. Hilo peke yake limeleta vumbi la migodi ndani ya nyumba nyingi, si za urani tu.

Matofali, vyuma, mboga

Mgodi uliotelekezwa haukai ndani ya uzio wake. Kifusi ni mawe ya bure ya msingi, mchanga wa bure wa kupigia lipu, kokoto za bure za njia ya lupango (kiwanja cha nyumba). Kule Mounana, Gabon, na katika nchi ya Wanavajo huko Marekani, nyumba za watu zilijengwa kwa mawe ya migodi ya urani na zikaja kubomolewa miaka mingi baadaye. Wanavajo peke yao wana machimbo zaidi ya 500 yaliyoachwa. Kwa hiyo ramani ya mionzi ifuate barabara za zamani, kituo cha treni, vijiji vya karibu, na iingie ndani ya nyumba kwa ruhusa ya wenyewe. Ndani ya nyumba, gama peke yake haitoshi: weka vipimo vya radoni vya plastiki kwa miezi mitatu, ukianza msimu wa baridi wa Juni ambapo madirisha hufungwa usiku. IAEA inataka nyumba isivuke 300 Bq kwa mita ya ujazo, na WHO inapendekeza 100 inapowezekana. Na usiende kupima nyumba ya mtu kama bado hujajua utamwambia nini ukiikuta mbaya, na nani atalipa.

Vyuma chakavu ni mlango mwingine. Mabomba ya maji ya mgodi hujijengea ukoko wa salfati ambao hukusanya radiamu, na bomba kama hilo likienda kuyeyushwa, sufuria zitasafiri hadi mpakani Kasumbalesa. Kila chuma kipimwe ndani na nje kabla ya kuuzwa. Ndani ndiko kwenye ukoko.

Mboga nitazipita haraka: lengalenga na matembele yaliyomwagiliwa kwa maji ya mgodi yapimwe yakiwa yameoshwa na yasiyooshwa, ili ujue kama tatizo ni vumbi juu ya jani au ni kilichopandia kwenye mizizi. Majibu mawili hayo yanataka hatua tofauti kabisa.

Kifuniko

Kwanza uliza kama mahali penyewe panafaa. Kule Moab, Marekani, tani milioni 16 za mabaki zilizokuwa kando ya mto Colorado zilianza kuhamishwa kwa treni 2009, kwenda jangwani, takriban kilomita 48, kwa sababu hakuna kifuniko kinachoshinda mto. Kifusi kilicho bondeni au juu ya chemchemi kihamishwe kabla ya kupambwa.

Kikibaki, kifuniko hufanya kazi tatu: kuzuia radoni, kuzuia maji, kuzuia watu. Kwa radoni, Marekani hudai isizidi 0.74 Bq kwa mita ya mraba kwa sekunde, na kifuniko kibuniwe kudumu miaka 1,000 inapowezekana na si chini ya 200. Udongo mkavu wa kichanga hauzuii radoni vizuri hata ukiwa mnene. Mfinyanzi wenye unyevu ulioshindiliwa huizuia kwa unene mdogo zaidi, kwani radoni hupita kwa shida palipojaa maji. Tabaka liwekwe sentimita 20 hadi 30 kwa wakati mmoja, lishindiliwe hadi 95% ya kipimo cha Proctor (msongamano wa juu ambao udongo huo hufikia maabarani), na unyevu uwe juu kidogo ya ule bora. Dereva akimwaga sentimita 60 kwa mkupuo, juu patakuwa pagumu na chini patabaki sifongo, na hakuna atakayeligundua baada ya tabaka linalofuata. Hapa ndipo pointi ya kusimama inapolipa.

Mfinyanzi mzuri hupitisha maji kwa 10⁻⁹ m/s, yaani sentimita 3 hivi kwa mwaka. Ila hiyo ni namba ya maabara. Katanga tuna miezi mitano au zaidi bila tone, kisha karibu milimita 1,200 kuanzia Novemba. Mfinyanzi ulioachwa wazi Agosti hupasuka, na mvua ya kwanza inapita kwenye ufa. Kwa hiyo usiuache wazi hata wiki. Ufunikwe kwa tabaka la udongo wa kuoteshea majani au mawe, nene kiasi cha kuuweka mbali na jua. Halafu kuna mchwa. Sijaona mwongozo ulioandikwa ulaya unaowaheshimu, ilhali vichuguu vya hapa vinafika urefu wa nyumba kwa udongo ulioletwa kutoka chini. Kifuniko chetu kinahitaji tabaka la kokoto zisizobebwa na mchwa wala kupenywa kwa urahisi na mizizi ya miombo, na mtu wa kukagua kila mwaka vichuguu vipya, ambaye atapima udongo wa kichuguu chenyewe. Kichuguu chenye radiamu juu ya kifuniko kinakuambia, bila drili, kwamba mlango umefunguka.

Mteremko usizidi mita moja kwenda juu kwa tatu hadi tano za mlalo. Mifereji ya kugeuza maji ichimbwe kwanza, kabla ya Oktoba. Wengi huiacha mwishoni, na mvua ya kwanza huchora mifereji yake yenyewe.

Maji yanabaki

Tarehe 16 Julai 1979, kule Church Rock, New Mexico, ukingo wa bwawa la mabaki ya urani ulikatika, na takriban lita milioni 360 za maji ya asidi pamoja na tani 1,100 za mabaki zikaingia mto Puerco. Nyufa kwenye ukingo huo zilikuwa zimeonekana kabla. Ujuzi ulikuwepo, aliyekosekana ni mtu wa kusema bwawa lisimame kujazwa.

Mfumo wa chini kabisa ni kisima kimoja cha uchunguzi juu ya mtiririko na vitatu chini yake, sampuli kila miezi mitatu, zikichujwa kwa 0.45 µm papo hapo na kutiwa asidi ya nitriki hadi pH chini ya 2. Usipotia asidi, urani na radiamu hujishikiza kwenye ukuta wa chupa na maabara inakuletea habari njema ya uongo. WHO inaweka urani kwenye maji ya kunywa mikrogramu 30 kwa lita, kwa ajili ya figo, na radiamu-226 bekereli 1 kwa lita. Pima pia kobalti na nikeli, ambazo kwenye miamba yetu huenda zikavuka mipaka kabla ya urani.

Kutibu kuna mtego wa kikemia. Radiamu hutolewa kwa kloridi ya bariamu, makumi ya miligramu kwa lita, mradi maji yana salfati ya kutosha. Urani watu hutia chokaa na kungoja. Katika miamba ya dolomiti kama ya Shinkolobwe, urani hushikana na kabonati na kukataa kuzama hata pH ikipanda. Lazima kwanza ushushe pH kwa asidi, upulize hewa kabonati iondoke, ndipo upandishe kwa chokaa. Wajerumani hutumia njia hiyo kwenye migodi ya kampuni ya Wismut, ambako urani tani 231,000 zilichimbwa kati ya 1946 na 1990, na ambako wanaendelea kutibu maji ingawa usafishaji ulianza 1991. Tope linalobaki ni taka ya mionzi yenyewe na linahitaji shimo lake lenye kifuniko. Bajeti isiyo na shimo la tope haijakamilika.

Kuhusu kumbukumbu: ramani ya mionzi ya kabla na ya baada, picha za chini ya kila shimo zenye tarehe, majibu ya maabara yakiwa na sampuli pacha, na majina ya vyeo vya waliosaini. Nakala moja ikae CNPRI, moja kwenye kadasta ya mkoa ili lupango lisije likagawanywa juu yake, na moja kwa chifu, yenye kurasa mbili za mwanzo kwa Kiswahili zinazosema namba ngapi ilipimwa wapi. Mkaguzi wa kila mwaka aende Aprili, mvua zinapoisha, wakati mmomonyoko bado ni mpya na nyasi hazijachomwa, akiwa na ramani ileile na kioo kilekile kilichosawazishwa.